Wachezaji wangu husema “sawa kocha”, kisha wafanya vingine

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafunza timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa mtaani hapa Kisauni, Mombasa. Wako 14, wa miaka 15 hadi 18. Mimi mwenyewe nilicheza, lakini ukocha huu ni mwaka wangu wa pili. Nikieleza jambo wote waitika “sawa kocha”, wakiingia uwanjani wafanya vingine kabisa. Nimeanza kupiga kelele mpaka sauti yakauka. Yule anayenipangia mchezo, ambaye ndiye bora wangu, tangu mwezi uliopita anachelewa na hasemi na mtu. Kocha mwenzangu aniambia nimewazoea mno, niwakimbize mpaka watie akili. Wengine wasema labda ni kwa kuwa mimi ni mwanamke. Nifanye nini wanisikie?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili jicho lilinasa kwenye maneno mawili: “sawa kocha”. Tuanze hapo, maana karibu yote uliyouliza yametoka hapo.

Mtoto wa Pwani hufunzwa mapema kwamba mkubwa akinena, huitikiwa. Akiitwa aitike labeka, akitumwa aende, akikanywa aseme sawa. Na tazama neno tulilo nalo: mtoto akirudisha maneno twasema “anajibu”. “Wanijibu mimi?” Mama akishasema hivyo, wewe tafuta mlango. Basi katika malezi yetu kujibu ni kosa. Nawe wasimama na filimbi shingoni mbele ya wasichana waliolelewa hivyo, wawaeleza namna ya kumfuata mpinzani anayekatiza chini ya kikapu, kisha wawauliza, “Mmeelewa?” Wataka wakwambie nini? Wamekupa heshima yako. Kuelewa hukuwaomba.

Mimi nililipia somo hili. Nilikuwa na kijana mmoja mrefu, mikono kama makasia. Nilikuwa nikichora mipango kwenye ubao mdogo, wafupi mbele, warefu nyuma, naye kwa urefu wake siku zote yuko nyuma kabisa. Nikimaliza: “Sawa kocha.” Akiingia uwanjani aenda kulia badala ya kushoto. Msimu mzima nikimwita mkaidi, hata mbele ya wenzake. Siku moja baada ya mechi tulikuwa Mwembe Tayari twangoja gari, matatu ikasimama mbele yetu imeandikwa Mtwapa kwa herufi kubwa kama mlango, naye akamuuliza makanga yaenda wapi. Nikamwambia, kwani huoni? Akacheka: “Rangi naiona, kocha.” Kikapu alikuwa akikiona, ni kikubwa. Mistari yangu ya kalamu hakuwahi kuiona hata siku moja, na miezi yote hiyo aliitika sawa kwa sababu ya adabu. Miwani ilipatikana. Maneno niliyomwambia mbele ya wenzake hayakuwa na pa kupelekwa kurekebishwa.

Tangu hapo ubao nimeuweka kando. Napiga magoti, nachora kwa chaki sakafuni, wao wazunguka. Na swali la “mmeelewa?” nimeliacha kabisa, kwa kuwa lina jibu moja. Nauliza swali ambalo “sawa” haiwezi kulitosheleza: “Mpira ukiwa kona ile, wewe uko wapi?” Wala simtaki aniambie, nataka aende asimame. Akisimama pasipo pake, kwanza nayapitia maneno yangu mwenyewe. Usimuulize yule ajuaye siku zote, utajidanganya. Wala usimwandame yule ambaye hajui kamwe, utamuaibisha. Muulize wa katikati. Na mara nyingine mwachie mmoja wao awaeleze wenzake kwa lugha yao. Watoto wa Kisauni wana maneno ambayo mimi na wewe hatuyajui, na pengine heri.

Sasa taimauti, ile nafasi ya kocha kusimamisha mchezo aseme na timu yake, maana nahisi huko ndiko sauti yako inakokwenda kufia. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, unazo mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, kila moja dakika 1. Katika mechi ya dakika 40, ukiacha mapumziko ya kati ya robo, una dakika 5 tu za kusema nao wakiwa wamesimama. Na hata hiyo dakika si nzima: honi ya kuwaandaa hulia sekunde ya 50, na za mwanzo huliwa na kutembea, kutafuta chupa ya maji na kulaumiana. Mtu anayehema hapokei hotuba, hasa katika joto letu hili la Februari ambapo hewa yenyewe yanywesha. Ninavyofanya mimi: sekunde 15 za kwanza sisemi kitu. Wao wanywe maji, mimi nichague. Kisha jambo moja la ulinzi na jambo moja la kushambulia, na mchezaji mmoja anirudishie kwa mdomo wake atafanya nini. Ukiwa na mambo manne ya kuwaambia, mawili yaweke kwa ajili ya mazoezi ya Jumanne. Najua yauma. Makosa manne umeyaona kwa macho yako na mwenyewe ulikuwa mchezaji, wajua dawa yake. Lakini ukimpa manne ataondoka na la mwisho, tena nusu.

Majina nayo husaidia kuliko unavyodhani. Ukishika mpira upande wako, una sekunde 8 kuuvusha mstari wa kati. Timu moja niliyofunza, mpango wetu wa kuvuka tukibanwa uwanja mzima nilikuwa nimeupa namba, na kila mara walichanganya tatu na nne. Msichana mmoja wa Likoni, kule kwenye kivuko, akasema, “Kocha, hii si ni feri? Ukichelewa waachwa.” Ikawa Feri. Mwenye mpira ndiye chombo, wawili wakaa ubavuni, na hakuna kuruka peke yako mbele kama wale wanaochupa kabla daraja la feri halijatua. Sikuhitaji kueleza tena. Nikipaza neno moja, watano wajua. Wape wasichana wako kazi ya kuipa mipango yenu majina, hata yakiwa ya kipuuzi. Walichokitaja wenyewe hawakisahau.

Tuje kwa huyo mpangaji mchezo wako. Umesema anachelewa na hasemi. Hukuniambia wewe ulimuuliza nini. Kama ulimuuliza “kwa nini umechelewa?”, hilo kwetu ni swali la mahakamani. Jibu lake ni “pole kocha”, ambaye ni nduguye “sawa kocha”. Jaribu kumwambia ulichokiona, bila kumshtaki: “Wiki mbili hizi umefika baada yetu mara nne, na juzi hukuomba mpira hata mara moja. Wewe huwa si hivyo.” Kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, ulimi wataka kuziba pengo. Uache. Msimame pembeni mwa uwanja, wenzenu wawaone lakini wasiwasikie. Si ndani ya chumba, si nyumbani kwako, na si dakika tano kabla ya mechi. Asiposema, mwambie si lazima aseme leo, na kwamba nafasi yake timuni haijaguswa. Mara nyingi mtoto huja mwenyewe siku ya tatu au ya nne, tena wakati huna nafasi, umebeba mipira mikononi. Iweke chini mipira.

Na huyu rafiki yako anayetaka uwakimbize, mimi simfuati hata hatua moja. Mbio ndizo kazi ya mchezo huu. Ukizigeuza kuwa fimbo, usimshangae mtoto anayekimbia kwa uvivu robo ya tatu. Umemfunza mwenyewe kwamba kukimbia ni adhabu. Anayechelewa ana malipo yake yanayoeleweka na yaliyokubaliwa mapema: asianze mechi, au akusanye mipira na vikoni wiki nzima. Mkubaliane wote siku moja, na iwapate wote, bora na dhaifu. Ukimsamehe huyu kwa kuwa ndiye anayewashindia, wale wengine 13 wataona, na watakusamehe mdomoni tu.

Asiposema kabisa, nenda kwao. Hapa wewe mwanamke una mlango ambao mimi sina. Mimi lazima nimtafute mtu wa kunisindikiza na bado nitaishia barazani. Piga hodi, kaa, kunywa ulichopewa, ulizia afya za wote hadi bibi. Usianze na mpira. Mama akishakuzoea atakwambia mwenyewe: kuna mgonjwa, kuna karo, kuna mdogo wa kupelekwa chuo cha Kurani alasiri, au baba hapendi mtoto kurudi giza limeingia. Hilo la mwisho uwe na jibu lake kabla hujafika. Jua letu latua saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, kwa hivyo mazoezi yakiisha saa kumi na moja na nusu, Maghrib yamkuta nyumbani. Kama tatizo ni mavazi, waambie wazazi kuwa FIBA ilibadili kanuni mwaka 2017 na kufunika kichwa sasa kwaruhusiwa katika mechi. Wako wazazi ambao hadi leo wadhani binti lazima avue hijabu ndipo acheze. Na kabla ya Ramadhani haijaingia, keti na wasichana wenyewe, Waislamu na wasio Waislamu, muulizane mazoezi yawe saa ngapi na makali kiasi gani. Usiwapangie ukiwa peke yako na kalenda.

Umeambiwa umewazoea mno. Sophia Jowett wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, ambaye kwa miaka mingi amechunguza uhusiano wa kocha na mchezaji, huutazama katika mambo kama ukaribu, nia ya kuendelea pamoja, na kukamilishana katika kazi. Ukaribu umo, tena wa kwanza. Kwa hivyo kuwapenda si kosa lako. Nadhani lililopungua ni la tatu: kila mmoja ajue kazi yake na yako. Mkicheka pamoja kwenye viazi karai baada ya mazoezi ni vyema, na mimi nimetengeneza timu nyingi kwa viazi karai kuliko kwa ubao. Gregg Popovich, kocha aliyechukua mataji 5 ya NBA, ligi kuu ya Marekani, akiwa na San Antonio Spurs, asifika kwa kuwakalisha wachezaji wake mezani kwa chakula cha jioni. Lakini chakula hakimwambii mtu atacheza dakika ngapi.

Na hapo pana jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko uliyoyauliza. Wako 14. Karatasi ya mechi huandikwa wachezaji 12. Kila mechi ya mashindano, wawili wako hawana jezi. Nani huwaambia, na lini? Nimeona makocha wanaosoma majina 12 uwanjani, dakika 20 kabla ya mechi, na wale wawili wamesimama wamevaa raba tayari, mama wa mmoja yuko jukwaani. Nimeona wengine wanaotuma orodha kwenye kundi la WhatsApp usiku, wasichana wawili wajisome hawamo wakiwa wamelala chumba kimoja na wadogo zao. Halafu kocha ashangaa kwa nini timu imenuna. Wale wawili wana marafiki ndani ya wale 12, na rafiki akiumizwa hivyo, na wewe husikizwi.

Waambie siku moja kabla, uso kwa uso, mmoja mmoja. Sema wazi: kesho humo. Sababu iwe moja na iwe ya mpira, kitu anachoweza kukifanyia kazi: “Ukimlinda mtu wasahau mpira uko wapi.” Usimwambie “zamu yako yaja” kama huna hakika, maana ataihesabu. Na usimpambe kwa sifa tano ndipo umchome. Atakumbuka kuchomwa, na sifa atazitilia shaka siku zote. Kisha mpe kazi ya kweli siku ya mechi, si ya kubeba maji. Mmoja wangu nilimpa daftari ahesabu mipira tuliyopoteza na aliyeipoteza. Mapumziko ya nusu alikuwa akinisomea, na wenzake wakimwogopa kuliko mimi. Wale wanaokaa benchi pia wataka kujua kazi yao kabla ya mchezo: “Wewe ni wa kuingia mpangaji wetu akipata faulo ya tatu.” Mtu aliyejua hivyo hukaa akitazama mchezo. Asiyejua hukaa akikutazama wewe.

Kuhusu kuwa mwanamke, hilo lisikuchukulie muda. Mwaka 2021 timu ya taifa ya wanaume ya Kenya iliifunga Angola 74–73 na kufuzu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa kikapu, baada ya miaka 28. Kocha wake alikuwa Liz Mills, Mwaustralia, na kule Kigali akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Kama wale wanaume wazima waliweza kumsikiza, wasichana wa Kisauni hawana hoja. Wala hujasema wasichana wenyewe ndio wanaolalamika, umesema “wengine”. Ila kuna faida ya kuwaonyesha. KPA, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, wana timu ya wanawake papa hapa mjini. Siku wakicheza kwenye uwanja wa Makande wachukue wasichana wako, lakini uwape sharti: robo ya pili yote wasiutazame mpira, watazame benchi. Nani asema na nani, akitolewa mchezaji amwangalia nani, kocha amwambia maneno mangapi. Mkirudi kwenye matatu, wape nafasi wakueleze. Huko utasikia mengi juu yako bila jina lako kutajwa.

Simu nazipitia haraka. Kundi la WhatsApp liwe la saa na mahali tu, na ndani yake awemo mzazi mmoja au wawili. Usimwandikie mtoto faraghani usiku, hata kama ni mwanamke kwa mwanamke, na msaidizi wako, hasa akiwa mwanamume, asimwandikie kabisa. Mwaka 2021 FIBA ilibidi ichunguze tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wachezaji wa kike katika mpira wa kikapu wa Mali. Mchezaji humtegemea kocha kwa nafasi, na palipo na kutegemea hivyo, mipaka huwekwa mapema, mchana, kila mtu akisikia.

Imebaki sauti yako inayokauka. Msimu wa 1974–75 watafiti wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kwenye mazoezi 15 ya John Wooden wa chuo kikuu cha UCLA, kocha aliyechukua mataji 10 ya vyuo vya Marekani katika misimu 12. Walitaka kujua mtu kama huyo husema nini. Waliandika vitendo vyake 2,326 vya kufundisha. Takriban robo tatu vilikuwa maelezo: nini kifanywe na namna ya kukifanya. Sifa hazikufika asilimia 7, na makaripio pia hayakufika asilimia 7. Nilipokutana na hesabu hizo mara ya kwanza nilizikataa, kwa kuwa mimi nilidhani kocha mzuri ni yule anayesifu sana au yule anayewasha moto. Wooden hakuwa huyu wala yule. Mchezaji akikosea, alimwonyesha ilivyo sawa, akamwonyesha alivyofanya yeye, akamwonyesha tena ilivyo sawa, na mazoezi yakaendelea. Sekunde chache tu.

Sasa zisikize kelele zako. “Amka!” “Wafanya nini?” “Nimewaambia mara ngapi?” Hakuna hata moja hapo yenye kazi ya kufanya. Badala yake: “Rudi kati.” “Mkono juu.” “Mtazame wa 9.” Hayo hata yakisemwa kwa sauti kubwa hayaumizi, kwa kuwa mtu ana la kufanya nayo. Na uchague maneno yanayompeleka mtoto nje ya mwili wake. Utafiti wa mwaka 2005 wa mitupo huru, ambao mtafiti Gabriele Wulf alikuwa mmoja wa waliouandika, ulionyesha kuwa waliofikiria ringi walilenga vizuri kuliko waliofikiria mwendo wa kifundo cha mkono. Basi badala ya “kunja kifundo”, jaribu “udondoshe mpira nyuma ya ringi”. Nimeona wasichana wakibadilika mchana mmoja kwa neno hilo, na wengine hawakubadilika. Kila mtoto na mlango wake.

Fanya hivi wiki ijayo. Mpe mmoja wa wale wawili wasio na jezi simu yako, arekodi sauti yako mazoezi mazima, dakika 90. Usiku keti na karatasi yenye nguzo tatu: niliyoeleza, niliyosifu, niliyokaripia. Piga kijiti kwa kila moja, na pembeni uandike umemuuliza nani swali, na alipojibu, ulimwacha amalize au ulimkata. Kisha nitumie hesabu hiyo hata ikiwa ya aibu. Yangu ya kwanza nilifika kijiti cha arobaini kwenye nguzo ya tatu, nikazima rekodi, nikaenda kununua kahawa.